Mrututu bwawani: pima maji kabla ya kutia

Maji ya kijani si adui wa mfugaji, kwani rangi hiyo ni koga, mimea midogo ya majini, na tilapia huila. Shida ni inapozidi. Zamisha mkono bwawani, kiganja kikiangalia juu: kikipotea machoni kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, koga imezidi. Zile nyuzi zinazoelea kama pamba iliyoloa zivute kwa reki kwanza. Hilo halina gharama.

Mrututu, yaani chumvi ya buluu ya salfeti ya shaba, huua koga kwa shaba iliyomo ndani yake, na shaba hiyohiyo huua samaki. Kinachoamua ni alkali ya maji, ambayo hutokana zaidi na chokaa iliyoyeyuka ndani yake. Mombasa imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, kwa hiyo maji ya visima huwa na chokaa nyingi, ilhali ya mvua yaliyokingwa kwenye bwawa la turubai hayana. Kipimo kisichofanya kitu Bamburi kwenye maji ya kisima chaweza kumaliza samaki wa jirani anayetumia maji ya mvua.

Pima alkali kwa miligramu kwa lita, ugawe kwa 100: hizo ndizo gramu za mrututu kwa kila mita moja ya ujazo. Bwawa la mita 20 kwa 10, kina mita 1, lina mita za ujazo 200. Alkali ikiwa 100, bwawa zima ni gramu 200. Alkali ikiwa chini ya 50, usitie kabisa. Ikipita 250, shaba hushikana na chokaa ikazama, na pesa yako nayo.

Vaa glavu. Yeyusha kwenye ndoo ya plastiki, kwani mrututu hula mabati. Nyunyiza asubuhi jua likiwa limepanda, nusu ya bwawa tu, yaani gramu 100 kwa bwawa la mfano huu. Nusu ya pili ingoje siku 10 hadi 14. Hapa ndipo wengi huumia: koga ikifa yote kwa pamoja, kuoza kwake hunyonya oksijeni, na alfajiri unakuta samaki wanatweta juu ya maji. Ukiwaona hivyo, acha kulisha na uingize maji mapya mara moja, yakidondoka kutoka juu ili yabebe hewa. Penye kamba wa kufugwa (wale wa jamii ya uduvi) usitumie mrututu, hawaustahimili.

Koga ikirudi baada ya wiki chache, punguza chakula na samadi, maana ndivyo vinavyoilisha. Usiongeze mrututu: shaba haiozi, hujilimbikiza kwenye tope.

Tanki la maji ya kumwagilia likiota koga halihitaji dawa. Lifunike lisipate mwanga.