Kujiandaa kwa kozi ya mtandaoni ya video na sauti za kidijitali ukiwa Kigoma

Nahariri video hapa Mwanga, mjini Kigoma: harusi, ubatizo, matangazo ya maduka, mara mojamoja kazi za mashirika. Stashahada yangu niliisoma mtandaoni, chuo kikiwa nje ya nchi na mimi nikiwa hapahapa. Kila msimu wa kuanza masomo unapokaribia, vijana hupita ofisini kuniuliza wanunue kamera gani. Nawaambia kamera waiache kwanza. Wenzangu waliokwama katikati ya kozi hawakukwama kwenye kupiga picha. Walikwama kwenye kuifikisha kazi kwa mwalimu: faili kubwa, bando dogo, umeme umekatika, saa zimepita. Kwa hiyo hapa nafuata safari ya faili, toka simu yako mpaka ukurasa wa chuo. Jipe mwezi mzima kabla ya darasa la kwanza.

Hatua ya 1: Jua chuo chenyewe kabla hujatoa hela

Kama unataka cheti kitakachokusaidia kuomba kazi hapa nchini, ulizia mapema kama kinatambulika. Shahada za vyuo vya nje zinashughulikiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Astashahada na stashahada ziulizie NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi. Kama unatafuta ujuzi tu, sawa, ila ujue hivyo tangu mwanzo.

Kisha waandikie chuo barua pepe yenye maswali matatu: kazi zinapakiwa kwa faili la ukubwa gani mwisho, programu gani ni ya lazima, na vipindi vya moja kwa moja vinarekodiwa ili mtu avitazame baadaye? Majibu yao usiyafute. Mimi niliyahitaji muhula wa pili, mwalimu mpya alipodai programu ambayo haikuwa kwenye orodha.

Hatua ya 2: Geuza saa zao kuwa saa zetu

Sisi tuko saa 3 mbele ya UTC, yaani saa za kimataifa ambazo vyuo vingi huandikia ratiba. Ukiona mwisho wa kukusanya kazi ni 23:59 UTC Ijumaa, kwetu ni saa 8:59 usiku, na tarehe imeshakuwa ya Jumamosi. Hapo una nafuu. Tatizo ni vyuo vinavyofuata saa za nchi zinazobadilisha saa. Uingereza husogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na kuirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kwa hiyo kipindi cha 18:00 cha London kwetu ni saa 3 usiku wakati wa baridi yao, na saa 2 usiku wakati wa kiangazi chao. Mtu anaingia darasani saa 3 kama alivyozoea, anakuta wenzake wanaagana.

Andika ratiba yote kwa Kiswahili, kwa saa zetu, kwenye karatasi ya ukutani. Usitegemee kukokotoa kichwani usiku umechoka.

Hatua ya 3: Pima mtandao, hasa wa kupakia

Watu wengi hupima kasi ya kupakua wakaridhika. Wewe utakuwa unapeleka faili, kwa hiyo kasi ya kupakia ndiyo yako. Ipime mara tatu kwa siku kwa wiki nzima: alfajiri, mchana na saa 2 usiku. Andika kwenye daftari, na uandike pia ulikuwa umekaa wapi. Mji wetu ni wa vilima; chumba kinachotazama bondeni na chumba kinachotazama mnara si sawa, hata kama viko nyumba moja. Kama unaweza, jaribu laini za mitandao miwili. Mimi niligundua kwamba saa 10 alfajiri, dirisha la jikoni, napata kasi nisiyoipata saa nyingine yoyote. Kazi zangu zote za mwaka wa kwanza zilipita kwenye dirisha hilo.

Sasa hesabu, na hapa tulia kidogo. Kasi ya mtandao hupimwa kwa megabiti, faili hupimwa kwa megabaiti (MB), na megabaiti 1 ni megabiti 8. Ukiwa na kasi ya kupakia ya megabiti 2 kwa sekunde, GB 1 itachukua saa 1 na kama dakika 7, tena kama mtandao haukukatika hata mara moja. Video ya dakika 5 uliyoirenda (yaani uliyoitoa kwenye programu ya kuhariri kama faili moja lililokamilika) kwa megabiti 8 kwa sekunde ina takriban MB 300, na kwa kasi ileile inapanda kwa dakika 20. Ndiyo maana namba ya kurenda usiiache kwa programu ijichagulie. Kwa kazi ya darasani ya 1080p (ubora wa HD kamili), megabiti 8 kwa kodeki ya H.264, yaani njia ya kubana video, zinatosha, na mwalimu ataona kila anachotaka kuona.

Kwenye bando, darasa la video la saa moja litengee GB 1. Ukizima kamera yako na kubaki unasikiliza, linapungua.

Hatua ya 4: Laptopu, diski na umeme

Laptopu yenye RAM ya GB 8 na diski ya SSD inakutosha kuanzia ukitumia Shotcut au Kdenlive, programu za kuhariri video, zote za bure. DaVinci Resolve nayo ina toleo la bure na ni nzuri sana, ila inataka RAM ya GB 16 ili ufanye kazi kwa raha. Mashine yako ikilemewa, tengeneza proksi, yaani nakala nyepesi za video unazohariria, kisha programu inarudi kwenye video halisi wakati wa kurenda. Jifunze hilo kabla ya kozi. Pakua programu zote sasa, pamoja na Audacity ya sauti. Faili la kusakinisha Resolve pekee linazidi GB 2, na hutaki kulipakua wiki ambayo kazi ya kwanza inadaiwa.

Flashi na diski ya nje vikague leo. Usiku mmoja nilikuwa nahamisha mahojiano ya GB 6 kwenda kwenye flashi iliyokuwa na nafasi ya GB 28, ikakataa, ikisema faili ni kubwa mno. Nikafuta vitu nisivyopaswa kufuta, ikakataa tena. Shida haikuwa nafasi. Flashi ilikuwa imepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalofika GB 4. Suluhisho ni kuifomati kwa exFAT, inayosomeka Windows na Mac. Kufomati kunafuta kila kitu, kwa hiyo hamisha vilivyomo kwanza.

Kila kazi iwe na nakala tatu: laptopu, diski ya nje, na moja mbali na nyumbani, hata kwa dada yako Ujiji. Pawabenki inayoweza kuwasha ruta ni muhimu kuliko taa ya studio. Umeme ukikatika, laptopu ina betri yake; ruta haina.

Hatua ya 5: Sauti

Hapa ndipo pesa yako ya kwanza iende. Mtu huvumilia picha yenye giza kidogo, ila sauti mbovu haivumilii hata dakika moja. Nunua maiki ndogo ya kubana kwenye kola, na kifuniko chake cha manyoya au sponji. Upepo wa ziwa hauna huruma. Kwenye simu unapotazama utadhani kila kitu kiko sawa. Weka hedifoni masikioni, utasikia mvumo unaomeza kila neno. Kwa hiyo usirekodi bila hedifoni. Hata zile za bei ndogo zitakuonyesha.

Rekodi kwa 48 kHz, ndiyo kawaida ya video. Kilele cha sauti ya mtu kwenye mita ya programu kiwe kati ya desibeli (dB) -12 na -6. Ikigusa 0 inapasuka, na hakuna programu itakayoirudisha vizuri. Kila unaporekodi mahali, nyamaza sekunde 30 ukiacha maiki inafanya kazi, upate sauti ya mahali penyewe. Utaishukuru wakati wa kuziba mapengo.

Na mvua. Kwetu inaanza Oktoba au Novemba mpaka Aprili, na nyumba nyingi ni bati. Kama muhula wako uko humo ndani, maelezo ya sauti yarekodi mapema, siku kavu, ndani ya chumba chenye godoro limeegemezwa ukutani na vitenge viwili mlangoni. Mimi bado narekodi hivyo, na wateja wananiuliza studio iko wapi.

Hatua ya 6: Mpangilio wa kamera

Simu yako inatosha. Weka 1080p, fremu 25 kwa sekunde, na kasi ya shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni wa 50 Hz, na mipangilio hiyo huzuia taa za ndani kupepesa kwenye video. Simu isiyokubali fremu 25, tafuta programu ya kamera yenye mipangilio ya mkono. Acha 4K kwa sasa: kwa H.264, dakika 1 ya 1080p inakula kama MB 130, na ya 4K inaweza kufika MB 350.

Hatua ya 7: Fanya kazi moja nzima, ya dakika 1

Nenda Kibirizi asubuhi mitumbwi ya dagaa inaporudi. Lakini tazama mwezi kwanza! Wavuvi wetu huvua kwa taa usiku wa giza. Siku za mbalamwezi hupumzika, na utakuta mwalo umetulia. Nilishapanga kazi ya darasani wiki ya mwezi mpevu nikarudi nyumbani na picha za mitumbwi iliyofungwa. Ulizia pia kama ziwa halijafungwa, maana mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kwa miezi 3.

Usitoe simu kabla ya salamu. "Shikamoo mama." "Marahaba baba. Na hiyo simu?" Mweleze: unasoma, ni zoezi, video inakwenda kwa mwalimu. Akikubali, rekodi sauti yake akisema amekubali, na ihifadhi pamoja na kazi. Akikataa, mshukuru, hamia kwa mwingine. Kisha sogea karibu. Nilipopiga picha nzuri kuliko zote nilikuwa nimechuchumaa kando ya mama anayeanika: kiganja kinatawanya dagaa mchangani kwa mzunguko mmoja mpana, wanalia kama punje za mchele, kisha vidole viwili vinarudi kuokota kijiti kilichoingia humo. Sekunde 9. Sauti ile niliinasa kwa maiki ya kola niliyoishika mkononi.

Rudi nyumbani. Hariri, usitumie muziki wa mtu bila ruhusa yake, renda, pakia kwenye hifadhi yoyote ya mtandaoni, na umtumie rafiki kiungo akifungue kwa simu yake. Andika kila hatua ilichukua muda gani. Mimi dakika 1 ya kwanza ilinichukua saa 11. Chukua saa ulizotumia wewe kwa dakika hiyo 1, zidisha kwa urefu wa kazi ambazo chuo kitakupa, na ndivyo utakavyojua uanze siku ngapi kabla.

Kazi halisi ikishapanda kwenye ukurasa wa chuo, ifungue wewe mwenyewe kwa simu nyingine, itazame mpaka mwisho. Kisha piga picha ya skrini inayoonyesha jina la faili na saa iliyopokelewa, na uiweke kwenye folda ya kazi hiyo.