Kata gazeti kabla ya kushika nyundo

Nimetundika picha nne sebuleni, hapa Sakina, Arusha, bila tundu hata moja la bure. Laza kila fremu juu ya gazeti, chora kuizunguka, kata. Vuta waya wa nyuma kwa kidole, kama vile picha inaning'inia. Pima kutoka kidoleni hadi ukingo wa juu, weka alama kwenye gazeti. Wengi huruka hapa, ndiyo maana picha hushuka. Bandika magazeti kwa selotepu, yahamishe mpaka jicho liridhike (mimi huweka katikati ya picha sentimita 145 hivi kutoka sakafuni), piga msumari penye alama, chana gazeti. Ukuta wa chokaa inayopukutika, selotepu haishiki. Chora umbo la fremu ukutani kwa chaki. Na plasta yenye mchanga mwingi haishiki msumari: toboa kwa drili, weka plagi ya plastiki ya kushikia skrubu, kisha skrubu.