Namna ya Kuutambua Mpapai Jike Shambani

Aliyepanda mipapai kwa mbegu za papai alilolinunua sokoni, akaimwagilia na kuipalilia kwa miezi kadhaa, huitazama akiwa na swali moja tu: upi utazaa, na upi ni dume? Majibu ya mtaani hayakosekani. Wapo wasemao kuwa mche wenye mzizi mmoja ulionyooka ni dume, na wenye mizizi iliyotawanyika ni jike. Wapo wanaozitia mbegu majini na kuziamini zile zinazozama. Na muuzaji mmoja wa miche aliwahi kuniapia kwamba kitalu chake chote kilikuwa cha majike, kwa kuwa alichagua mbegu za katikati ya tunda. Katika miche minane niliyoichukua kwake, mitatu iliishia kuning'iniza vishada vya maua ya kidume. Kwa macho matupu hakuna dalili ya kuaminika kabla ua halijatoka, na sababu yake imo katika maana yenyewe ya neno jike.

Katika baiolojia, jike ni kiumbe ambacho mwili wake umejengwa kutoa seli kubwa ya uzazi, yaani yai, lenye akiba ya chakula na lisilojiendea lenyewe, ilhali dume hutoa seli ndogo zilizo nyingi, ambazo ndizo hulifuata yai lilipo. Tofauti hiyo ndiyo pekee inayosimama kwa kuku, kasa, binadamu na mpapai pia. Umbo halisaidii, maana buibui jike mara nyingi humzidi dume kwa ukubwa, na kwa simba mambo ni kinyume. Hata kromosomu, yaani nyuzi za urithi zilizomo ndani ya seli, hazina kanuni moja: mwanamke ana X mbili zinazofanana, lakini kwa kuku ni tetea aliye na kromosomu mbili tofauti, Z na W, huku jogoo akiwa na Z mbili, na kasa anayetaga kwenye fukwe zetu hana kabisa kromosomu za jinsia, kwani joto la mchanga uliofukia mayai ndilo linaloamua, na mchanga wenye joto zaidi hutoa majike. Mpapai unakaribia utaratibu wa binadamu, jike likiwa XX na dume XY, ila unayo na jinsia ya tatu, yaani mpapai wa jinsia mbili, ambao Y yake imetofautiana kidogo na ya dume. Basi shambani tunatafuta mahali mayai yanapokaa, nayo ni ovari iliyo ndani ya ua.

Kwa kuwa jibu huchelewa, jiwekee akiba tangu siku ya kupanda. Chimba mashimo yaliyoachana mita 2.5 hadi 3, na katika kila shimo upande miche mitatu au minne, ukiiachanisha kidogo ili utakapoing'oa mingine usiutikise utakaobaki. Kisha usipunguze chochote mpaka maua yatoke, jambo ambalo kwa kawaida huchukua miezi 4 hadi 6 tangu kupandikiza. Wengi hukosea hapa: huona miche imesongamana, wakaibakiza iliyonenepa na kuitupa mingine, na pengine jike ndilo lililotupwa.

Maua yakianza, tazama kwapani mwa majani. Dume hujitangaza mapema, kwa kikonyo kirefu chenye matawi kinachoning'inia, pengine kwa zaidi ya sentimita 60, kikiwa kimebeba makumi ya maua membamba yenye umbo la tarumbeta. Maua ya jike ni machache, moja moja au mawili matatu, yameketi karibu na shina kwa kikonyo kifupi, na tumba lake limevimba chini na kuchongoka juu. Ua la jinsia mbili nalo hukaa karibu na shina, na ndilo huwachanganya watu, kwa hiyo usihukumu kwa mahali lilipo pekee.

Chuma tumba moja lililokaribia kufunguka, ulipasue kwa wembe kuanzia juu hadi kwenye kikonyo, ukijihadhari na utomvu usikuingie machoni. Likiwa la jike, utaona petali tano zilizoachana karibu hadi chini, hutaona stameni hata moja, yaani vile vijiti vya kiume vibebavyo chavua, unga wa uzazi wa ua, na katikati itakuwapo ovari ya mviringo, nyeupe kama maziwa, iliyovikwa juu stigma, sehemu inayopokea chavua, yenye panda tano zilizochanika mithili ya tawi dogo la matumbawe. Ikate ovari hiyo kwa upana: ukutani mwake kwa ndani zimejipanga chembe nyeupe nyingi, ndogo kuliko punje za ulezi, na kila mojawapo hubeba yai, ambalo likirutubishwa chembe hiyo huwa mbegu nyeusi tuijuayo. Likiwa la jinsia mbili, petali zimeungana sehemu ya chini, ovari ni nyembamba na ndefu, na pembeni mwake zimesimama stameni 10 zenye chavua ya manjano.

Sasa bakiza mpapai mmoja kwa kila shimo. Wa jinsia mbili hujichavusha wenyewe na kuzaa papai refu lenye nyama nene, ndiyo maana wanaouza sokoni huupendelea. Wa jike huzaa papai la duara lenye uwazi mkubwa ndani, tamu vilevile, lakini huhitaji chavua ya kutoka nje, kwa hiyo kama huna wa jinsia mbili, acha dume moja kwa kila majike 10 hadi 20. Chavua husafirishwa zaidi na nondo wakubwa warukao jioni, kama ilivyoshuhudiwa katika mashamba ya Bonde la Kerio nchini Kenya. Nondo hao hufuata asali ya ua la dume. Ua la jike halina asali, hutembelewa kwa kukosewa tu. Nondo wakiwa haba, chuma asubuhi ua la dume lililofunguka, libandue petali, kisha upake chavua yake kwenye stigma ya jike.

Kuhusu msumari unaopigiliwa shinani ili dume ligeuke jike: mpapai dume wakati mwingine huzaa vipapai vichache kwenye vikonyo vyake virefu, hasa hali ya hewa inapobadilika, na msumari hupewa sifa isiyo yake. Mpapai jike wenyewe haugeuki.

Ukitaka mbegu za msimu ujao zisizo na dume, lifunike tumba la jike kwa mfuko wa karatasi kabla halijafunguka, ulichavushe kwa chavua ya mpapai wa jinsia mbili, kisha ulifunike tena kwa siku chache. Nusu ya miche itakuwa majike na nusu jinsia mbili. Papai likiiva, fikicha mbegu kwa mchanga hadi ule utando wa utelezi utoke, kwa kuwa huzuia kuota, halafu uzianike kivulini.