Panya chini ya sakafu: ziba kabla baridi haijakolea

Baridi ikianza, panya wanatafuta joto, na uvungu wa sakafu, yaani nafasi iliyo kati ya sakafu na udongo, ndio mlango wao wa kwanza. Ukisubiri hadi usikie mikwaruzo usiku, ujue wameshahamia.

Chukua penseli uzunguke msingi wa nyumba. Tundu lolote penseli inapopenya, panya mdogo anapita pia; milimita 6 tu zinamtosha. Kagua zaidi pale mabomba na nyaya zinapoingilia ukutani, maana fundi hutoboa tundu kubwa kuliko bomba lenyewe na kuliacha hivyo hivyo. Alama nyeusi yenye mafuta pembeni mwa tundu ni ya manyoya yao: hiyo ni njia inayotumika. Shindilia waya laini wa kusugulia sufuria, kisha funika kwa saruji au silikoni. Povu la kujazia peke yake ni kazi bure, wanalitafuna. Matundu ya hewa usiyazibe. Yawekee wavu wa chuma wenye macho madogo.

Mende na wadudu wengine wanafuata unyevunyevu, kwa hiyo tandika nailoni nzito juu ya udongo wa uvunguni na urekebishe bomba linalovuja. Kuni zikae mbali na ukuta.

Ukikuta mavi ya panya, tafadhali usifagie makavu, vumbi lake linaweza kukuambukiza ugonjwa. Vaa glavu, yaloweshe kwa maji yenye dawa ya klorini, subiri dakika 5, ndipo ufute.