Pima mvua ya shamba lako, usipande kwa mvua ya Nairobi

Mvua ya Machi ikianza kupiga Nairobi, wengi wenye mashamba mbali hupiga simu nyumbani: pandeni! Mbegu nyingi huharibikia hapo. Nairobi kilele cha masika ni Aprili, Mombasa ni Mei. Kitale mvua ikishashika huendelea hadi Septemba hivi. Kitui, mvua ya kutumainiwa zaidi ni ya vuli, Oktoba hadi Desemba. Lodwar mwaka mzima hupata takriban milimita 200 tu. Kwa hiyo tengeneza kipimamvua, ukipeleke shambani kwenyewe.

1. Chukua chupa ya soda ya lita 2 yenye ubavu ulionyooka. Ikate pale inapoanza kubana kuelekea shingoni. Toa kifuniko, pindua kipande cha juu na ukitumbukize kiwe faneli, kisha ukibane kwa selotepu. Usitumie faneli pana kuliko chupa; itakusomea mvua ambayo haikunyesha.

2. Kitako cha chupa kina mabonde. Tia kokoto, mimina maji hadi yayafunike yote, kisha bandika rula sifuri yake ikiwa sawa na uso wa maji. Jua hupunguza maji haya. Yakishuka chini ya sifuri, manyunyu ya usiku yatapotea humo, basi yarudishe kwenye sifuri kila asubuhi baada ya kusoma, hata siku kavu.

3. Ifunge kwenye kigingi, mdomo ukipita ncha yake na ukiwa angalau sentimita 30 kutoka ardhini, matone yasirukie ndani. Mti wa mita 5? Kaa mita 10 mbali nao. Chini ya mabati, kamwe.

4. Msomaji awe mmoja, saa 3 asubuhi. Ainame macho yawe sawa na maji, asome katikati, kwani pembeni maji hupanda kidogo kwenye plastiki. Siku kavu aandike 0. Nafasi tupu daftarini haisemi kama hakukunyesha au hakuna aliyesoma.

5. Jumlisha siku 3 zinazofuatana. Zikifika milimita 20, chimba kwa jembe uone kama unyevu umepita kina cha mbegu. Hata hapo, tazama kwanza utabiri wa kaunti yako kutoka Idara ya Hali ya Hewa. Utabiri ukitaja kiangazi cha wiki nzima au zaidi, ngoja: mbegu iliyochipuka ikikosa maji hufa, ila iliyo ghalani bado ni yako.