Namna ya kukisia umri wa picha ya kale ya hekalu la China

Maandishi ya nyuma ya picha yaweke kando kwanza. Wauzaji hupenda kuandika 1860, maana mwaka huo una soko: ndipo mpiga picha Felice Beato alipofika Beijing pamoja na majeshi ya Uingereza na Ufaransa. Mimi huanza na jengo lenyewe.

Ukumbi wa mviringo wa Hekalu la Mbingu, ule wa paa tatu, ulipigwa na radi ukateketea 1889, ukajengwa upya miaka ya 1890. Ukiona jukwaa lake la marumaru likiwa tupu, umeshaupata umri wa picha yako: ni ya kati ya moto na ujenzi huo. Mnara wa Leifeng kule Hangzhou nao ulianguka Septemba 1924. Gofu lile la matofali likiwa bado limesimama, basi picha ni ya kabla ya hapo.

Halafu tazama rangi, ingawa picha haina rangi. Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu. John Thomson, mpiga picha Mskoti aliyezunguka China kati ya 1868 na 1872, alitumia vioo vilivyopakwa kolodioni, dawa ya majimaji ya kunasa mwanga, vikapigwa na kusafishwa vingali vimelowa. Ndiyo maana alitembea na hema la giza na wapagazi. Dawa ile iliona buluu vizuri mno, nyekundu karibu haikuiona. Kwa hiyo anga hutoka jeupe pe, kuta nyekundu hutoka nyeusi, vigae vya njano hutoka vyeusivyeusi, na vigae vya buluu hutoka hafifu kuliko jicho linavyoviona. Mawingu yakionekana vizuri juu ya ukuta mwekundu wenye kijivu cha wastani, shuku karne ya 20.

Kuza picha kwenye ngazi za lango. Kioo kilihitaji sekunde kadhaa, hivyo aliyetikisika hubaki ukungu, au mtawa anakuwa na vichwa viwili. Wanaume wenye msuko mrefu mgongoni kwa kawaida ni wa kabla ya 1912.

Mwisho, tafuta kona za chini. Thomas Child, mhandisi wa gesi aliyefanya kazi Beijing tangu 1870, alikuwa na tabia njema ya kuandika jina na mwaka kwenye kioo chenyewe. Picha zake ndizo rula yangu: hekalu lilelile, pembe ileile, kisha nalinganisha miti ya uani. Misonobari yako ikiwa mirefu kuliko yake, yako ni ya baadaye.