Maswali ya Anayetaka Kuendesha Lori la Trela, Pamoja na Majibu Yake

Mtu anayewaza kuingia katika kazi ya kuendesha lori la trela kwa kawaida huanza kwa kuuliza juu ya nguvu ya injini, idadi ya gia na kipato. Ni maswali ya haki na yatajibiwa hapa, lakini usalama wa dereva wa trela huamuliwa zaidi na yale anayoyafanya lori likiwa limesimama kuliko wepesi wa mikono yake likiwa barabarani. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unakaa zaidi kwenye kuunganisha trela, breki, miteremko na usingizi, na unapita haraka katika mengine.

Lori hili limeundwaje, na trela huunganishwaje?

Lori la trela ni vitu viwili: kichwa, chenye injini na kibanda cha dereva, na trela inayobeba mzigo. Trela ya aina hii haina magurudumu ya mbele. Sehemu yake ya mbele huegemea mgongo wa kichwa, juu ya sahani nzito ya chuma yenye taya zinazoikamata pini iliyo chini ya trela. Pini ya kawaida ina kipenyo cha inchi 2, yaani milimita 50 hivi, na mzigo wote huvutwa kwa pini hiyo moja.

Anza kwa kuhakikisha kwamba breki za trela zimefungwa na kwamba imesimama mahali pagumu palipo sawa. Kirudishe kichwa polepole kwa mstari ulionyooka hadi karibu na trela, kisha shuka utazame kimo: uso wa chini wa trela unapaswa kuwa chini kidogo ya sahani, ili sahani iinyanyue trela inapoingia. Trela ikiwa juu mno, pini inaweza kupita juu ya taya bila kukamatwa, na dereva akadhani kwamba ameunganisha. Kimo kikiwa sawa, rudi nyuma tena polepole; ukisikia taya zimefunga, weka gia ndogo na ujaribu kuvuta mbele kidogo huku breki za trela zikiwa bado zimeshika. Trela ikikataa kusogea, hiyo ni dalili njema, lakini usiridhike nayo. Shuka na tochi, uiname chini ya trela, uone kwa macho yako kwamba taya zimeizunguka pini na kwamba hakuna mwanga unaopenya kati ya sahani na trela. Baada ya hapo unganisha mipira ya upepo na waya wa umeme, kisha upandishe miguu ya trela hadi mwisho. Wako madereva wazoefu wanaoiruka hatua ya tochi kwa kuwa wamesikia mlio wa kufunga. Simshauri mtu yeyote awaige.

Kwa nini breki ni za upepo?

Gari dogo hutumia mafuta ya breki, na mafuta hayo yakivuja hayarudi mpaka mtu ayaongeze. Upepo hauishi: kompresa, yaani pampu ya upepo inayoendeshwa na injini, huujaza mitungini, kwa kawaida hadi kati ya psi 100 na 130 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo), na mipira ya trela inaweza kufungwa na kufunguliwa kila siku bila kuharibu mfumo. Jambo kubwa zaidi ni kwamba breki ya kuegesha hushikwa na springi zenye nguvu, na kazi ya upepo hapo ni kuzizuia springi hizo. Upepo ukipotea, springi hujiachia na kuyafunga magurudumu zenyewe. Mlio mkali unaosikika mara kwa mara kutoka chini ya lori ni kifaa cha kukausha upepo kikitema unyevu, nao si hitilafu.

Kabla ya safari, weka vizuizi kwenye magurudumu, zima injini baada ya mitungi kujaa, achia breki ya kuegesha, kisha kanyaga pedali na uishikilie kwa dakika moja huku ukitazama geji. Katika mtihani wa leseni nchini Marekani, lori lenye trela moja halitakiwi kupoteza zaidi ya psi 4 katika dakika hiyo, na kipimo hicho kinafaa kutumiwa na dereva yeyote. Likipoteza zaidi, tafuta mahali panapovuja kabla ya kuondoka.

Mteremko hushukwaje?

Hapa ndipo ningependa msomaji atulie zaidi. Breki hugeuza mwendo kuwa joto, na lori lenye makumi ya tani likishuka kilima kirefu huzalisha joto jingi kuliko breki zinavyoweza kulitoa. Ngoma ya breki ikipata moto hutanuka na kujitenga na viatu vyake, yaani vipande vinavyoikandamiza kwa ndani ili kupunguza mwendo, kwa hiyo dereva hulazimika kukanyaga zaidi na kupata kidogo zaidi, mpaka pedali inafika mwisho na lori bado linakwenda. Hali hiyo haisababishwi na breki mbovu peke yake. Breki nzima kabisa huweza kuishiwa nguvu mikononi mwa dereva anayezikanyaga bila kuachia.

Gia ya kushukia huchaguliwa kabla ya mteremko kuanza, kwa sababu lori likishaongeza mwendo huenda gia ndogo isikubali kuingia. Acha injini na breki ya injini, yaani kifaa kinachoifanya injini yenyewe izuie mwendo, vifanye sehemu kubwa ya kazi. Mwendo ukifika kiwango ulichojiwekea, kanyaga breki kwa uthabiti mpaka upungue kwa kilomita 8 hivi kwa saa, kisha achia kabisa, na urudie mwendo unapopanda tena. Usitoe gia kwa nia ya kuokoa dizeli: injini za siku hizi hukata dizeli zenyewe lori linaposhuka likiwa kwenye gia bila kukanyagwa mafuta, kwa hiyo anayeachia gia hapati akiba yoyote na anaipoteza breki yake bora. Tahadhari moja ni ya barabara yenye utelezi, ambako breki ya injini inaweza kuyafunga magurudumu ya kichwa yakateleza, trela ikakisukuma kichwa kutoka nyuma, na lori zima likajikunja kama kisu. Barabara ikiwa imelowa, punguza au zima breki hiyo na uende polepole tangu juu.

Hata kwenye tambarare, kumbuka kwamba kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa lori husafiri mita 22 kila sekunde. Dereva aliye macho hutumia zaidi ya sekunde moja kutambua hatari na kusogeza mguu, na upepo nao huhitaji muda mfupi kufika kwenye breki za trela. Nafasi unayoiacha mbele yako ndiyo inayolipia muda huo.

Injini ina nguvu kiasi gani?

Injini nyingi za kazi hii zina ujazo wa lita 11 hadi 16 na nguvu za farasi 400 hadi 600. Gia 12 zinazojibadilisha zenyewe zimekuwa za kawaida, ingawa bado kuna malori ya gia 10, 13 au 18 za mkono. Lori lililojaa hutumia takriban lita 30 hadi 40 kwa kilomita 100, na mguu wa dereva una athari kubwa katika hesabu hiyo. Kwa kuwa usukani husaidiwa na mashine na gia nyingi hazihitaji klachi, hoja kwamba kazi hii inataka misuli ya mwanamume haina msingi tena.

Uzito unaoruhusiwa hutofautiana: Marekani ni ratili 80,000, kama tani 36, kwenye barabara kuu, nchi nyingi za Ulaya ni tani 40, katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ni hadi tani 56 kwa lori lenye ekseli saba, yaani mihimili saba ya magurudumu. Mizani hupima pia kila kundi la ekseli, kwa hiyo mzigo uliopangwa vibaya unaweza kukukamatisha hata kama jumla iko sawa. Ekseli unayoiona imenyanyuliwa kwenye lori tupu huinuliwa ili kupunguza ulaji wa matairi.

Kona na kurudi nyuma

Magurudumu ya trela hukata kona kwa ndani kuliko ya kichwa, kwa hiyo ingia kona ukiwa umekwenda mbele vya kutosha na utazame kioo cha upande unaokatia. Unaporudi nyuma, shika usukani kwa chini: mkono ukienda kushoto, nyuma ya trela nayo itakwenda kushoto. Ukiwa na shaka, simama, shuka, utazame.

Maisha yenyewe yakoje?

Adui mkubwa ni usingizi. Kanuni za Umoja wa Ulaya humtaka dereva apumzike dakika 45 baada ya kuendesha saa nne na nusu, na kwa kawaida asizidi saa 9 kwa siku. Marekani huruhusu saa 11 za kuendesha baada ya mapumziko ya saa 10. Hata mahali ambapo hakuna anayekagua, mwili unadai kiasi kilekile. Kufungua dirisha na kupandisha sauti ya redio hakuondoi usingizi. Kahawa huchukua kama nusu saa kufanya kazi, kwa hiyo inywe kisha ulale dakika 20 lori likiwa limeegeshwa mahali salama. Anayekoroma sana na kuamka akiwa amechoka kila siku aende kwa daktari, kwani huenda pumzi zinakatika usiku.

Kukaa mbali na nyumbani hakuzoeleki kwa urahisi, na familia hustahimili zaidi ikijua ratiba halisi kuliko ikipewa ahadi. Malipo nayo huwa kwa kilomita, kwa safari au kwa mwezi. Kabla ya kutia saini mkataba, uliza kwa maandishi kama saa za kusubiri kupakia na kushusha zinalipwa, nani anagharamia tairi likipasuka safarini, na nani atalipa faini ikiwa mizani itaonyesha uzito uliozidi kwa mzigo ambao hukuupakia wewe.